Wiki nane Msewe: nilivyopata chumba cha fildi Dar bila kulipa kodi ya miezi sita

Barua ya kukubaliwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, niliipata mwishoni mwa Juni: ofisi ya uhasibu, Posta, katikati ya jiji la Dar, wiki nane kuanzia katikati ya Julai. Mimi nasoma Dodoma, kwetu ni Mbeya, na Dar nilikuwa nimefika mara mbili tu, zote kwa misiba. Ofisi ilinieleza mapema kwamba haitoi posho. Bodi ya Mikopo huwapa wanufaika wake fedha za mafunzo kwa vitendo, lakini mimi si mnufaika. Ananisomesha mzee wangu kwa viazi vya Uyole, kwa hiyo kila bei niliyotajiwa kwenye simu niliigeuza kwanza kuwa magunia.

Nayaandika haya kwa ajili ya mwanafunzi anayekuja Dar kwa miezi miwili na hajui aanzie wapi. Mimi nilianzia pabaya.

Nilianza na madalali wa mtandaoni. Wa kwanza alikuwa mtu mstaarabu tu, sina neno naye. Alinitumia picha za chumba Sinza chenye choo ndani, shilingi 120,000 kwa mwezi. Nikamwambia nakaa wiki nane. Akanijibu kwamba mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita, na yeye dalali chake ni kodi ya mwezi mmoja. Nikapiga hesabu: 720,000 za kodi, 120,000 za dalali, jumla 840,000, na chumba ni kitupu, hakina hata godoro. Nikasema basi nitalala gesti. Gesti ya kawaida niliyoulizia Manzese ilikuwa 15,000 kwa usiku. Siku 56 mara 15,000 ni 840,000. Nilirudia hesabu ile mara tatu kwenye daftari nikidhani nimekosea. Njia mbili tofauti kabisa, na zote zilikuwa zinaniomba pesa ileile ambayo nyumbani haikuwepo.

Hosteli moja binafsi walikuwa na kitanda cha 100,000 kwa mwezi, chumba cha watu wanne, ila walitaka nilipie muhula mzima. Nikaachana nao.

Dalali wa pili ndiye aliyeniumiza. Alikuwa na chumba Mwenge, mwezi kwa mwezi, 90,000. Akasema watu ni wengi, nitume 20,000 ya fomu ili anishikilie. Nikatuma. Tangu jioni ile namba yake haikupatikana tena. Wiki mbili baadaye niliiona picha ileile, pazia lilelile la maua ya bluu, kwenye tangazo la chumba cha Arusha. Kumpa dalali hela ya kuzungushwa ukiwa naye pale mtaani ni jambo la kawaida Dar, na ni haki yake, maana anatumia muda na nauli. Lakini usitume hata mia kwa ajili ya mlango ambao hujausukuma kwa mkono wako.

Kwa hiyo nilifikia kwa shangazi, Chanika. Shangazi alinipokea kama mwanawe, akanitandikia sebuleni, na kila usiku nilikuta chakula kimefunikwa. Tatizo lilikuwa umbali. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, nashika daladala ya kwanza, nabadilisha Gongo la Mboto, na ofisini naingia saa mbili kasoro nikiwa nimeshachoka. Jioni nafika nyumbani saa tatu. Siku ya nne nilisinzia juu ya leja, msimamizi wangu akaniona. Hakusema kitu, ila niliumia sana, kwa sababu nilikuja kujifunza kazi.

Aliyenifungua macho ni kijana wa mapokezi pale ofisini. Aliniambia, "Kaka, wewe unatafuta chumba wanakotafuta watu wote. Nenda kule walikoondoka. Vyuo vimefunga." Nilisimama kidogo kwenye ngazi nikilitafakari. Ni kweli. Kuzunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Msewe, Changanyikeni, Survey, Makongo, kuna vyumba chungu nzima vilivyopangwa na wanafunzi. Nao walilipa kodi ya miezi sita kama wapangaji wengine, na ikifika Julai wanakwenda likizo au fildi mikoani. Chumba kimefungwa kufuli, kodi inaendelea kuliwa, na mwenyewe yuko Iringa.

Jumamosi nikaenda Msewe kwa miguu yangu. Sikutafuta dalali. Niliingia kwenye stesheneri, zile za kuchapisha na kutoa kopi, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi lazima apite. Ya kwanza hapakuwa na kitu. Ya pili, ukutani nyuma ya mashine ya kopi, palikuwa na karatasi zimebandikwa kwa gundi moja juu ya nyingine: anauza godoro, anatafuta mwenzake wa chumba, anachapa ripoti kwa bei nafuu. Katikati yake, kwa kalamu ya bluu: "Chumba kipo wazi Julai hadi Septemba, kitanda na feni vipo, mvulana." Dada wa stesheneri alimjua mwandishi wake. Akampigia hapohapo.

Mwenye chumba alikuwa mwaka wa pili, anaondoka Jumatatu kwenda fildi Morogoro. Yeye alikuwa anapanga kwa 100,000 kwa mwezi. Tulikubaliana nimpe 70,000, miezi miwili, jumla 140,000, pamoja na amana ya 30,000 atakayonirudishia akikuta vitu vyake salama. Kwake ni kuokoa pesa ambayo ingepotea bure. Kwangu ni kodi ya mwezi mmoja na siku chache tu ya kile chumba cha Sinza.

Ila nilimwambia sihamii mpaka mama mwenye nyumba ajue. Yeye alitaka tufanye kimyakimya, eti mama hana shida. Nilikataa. Mpangaji akimwachia mtu chumba bila ruhusa, siku mambo yakiharibika anayetolewa nje na begi ni yule aliyemo. Tukaenda wote wawili. Mama alikuwa anachambua dagaa uani. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza nimetoka wapi na nafanya nini. Akaomba kuona kitambulisho cha chuo na barua ya fildi. Akavisoma taratibu, kisha akasema, "Wageni mwisho saa nne usiku, pasi ni Jumapili tu, na umeme mnachangia." Tukaandika karatasi moja, majina matatu, tarehe ya kuingia na ya kutoka, kiasi kilicholipwa, tukasaini sote. Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa mjumbe ili nijulikane mtaani.

Kabla mwenzangu hajaondoka nilipiga picha kila kitu mbele yake: chaga mbili za kitanda zilizopasuka, alama ya maji darini, feni ikizunguka. Sanduku lake alilifunga kufuli na kulisukuma uvunguni. Picha hizo zilichukua dakika tano na zilinipa usingizi wa miezi miwili.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kumwambia shangazi. Kwetu kuhama kwa ndugu ukaenda kupanga kunaweza kusomeka kama umedharau chakula chake. Nilisubiri Jumapili mchana, tukiwa wawili tu. Nikamwambia, "Shangazi, sijakimbia kwako, ninakimbia barabara." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama chumba kina chandarua. Hakikuwa nacho. Akaingia ndani akanitolea cha kwake, na sufuria mbili juu. Kila Jumamosi ya pili nilirudi Chanika kumsalimia, na sikwenda mikono mitupu.

Sasa chumba chenyewe. Futi kumi kwa kumi, sakafu ya saruji, dirisha linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo mwanga ni wa taa hata saa sita mchana. Choo na bafu ni vya nje, tulikuwa wapangaji saba. Maji ya bomba yalitoka Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine ni ndoo, na ndoo ilinunuliwa. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa nyumba nzima, na hapo ndipo palipokuwa na maneno: mmoja ana friji, mwingine ana taa na feni tu, na wote wanadaiwa sawa. Mwezi wa kwanza nilitoa 10,000. Mwezi wa pili tulikaa uani tukakubaliana mwenye friji azidishe, nikatoa 6,000. Anayekwenda kupanga chumba cha aina hii aulize suala la umeme kabla ya kuuliza rangi ya ukuta.

Pasi ya Jumapili nilikuja kuipenda. Nilinyoosha mashati matano kwa mkupuo, nayapanga kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango, na kila asubuhi natoa moja. Ijumaa likibaki la mwisho najua wiki imeisha.

Usafiri ndio uliobadilisha maisha yangu. Natembea hadi Barabara ya Morogoro, napanda basi la mwendokasi linalokwenda Kivukoni, nashuka Posta. Nilikuwa naamka saa kumi na mbili kasoro, na ofisini niko kabla ya saa mbili. Fildi ya Julai hadi Septemba ni kiangazi pia, kwa hiyo hofu ya mafuriko ya bonde la Jangwani haipo. Anayekuja masika ajue kwamba mvua kubwa ikinyesha Jangwani hufurika na barabara hufungwa, na aliye ng'ambo ya pili ya bonde anakwama.

Hesabu kamili ya wiki nane: kodi 140,000, umeme 16,000, maji 12,000, taka 4,000. Jumla 172,000. Ile 20,000 ya fomu sijaiweka humo, ila naikumbuka kila siku, maana ni zaidi ya maji yangu ya miezi miwili. Chakula ni habari nyingine; mchana nilikula kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, usiku nilipika wali na maharage kwenye mtungi mdogo wa gesi aliouacha mwenye chumba.

Kama ni kutoa nyota, njia hii naipa nne kati ya tano. Moja naikata kwa dirisha na ndoo. Kwa wasichana nasikia mambo ni tofauti kidogo, wengi wanapendelea nyumba ambayo mama mwenye nyumba anaishi humohumo na geti linafungwa mapema. Matangazo yao nayo niliyaona kwenye kuta zilezile za stesheneri.

Mwenzangu alirudi kutoka Morogoro siku mbili kabla sijaondoka. Tulifungua picha kwenye simu, tukazunguka chumba, akainama kuangalia zile chaga mbili, bado ni mbili. Akanipa 30,000 yangu. Nilimrudishia shangazi chandarua kikiwa kimefuliwa. Mama mwenye nyumba, nilipokwenda kumuaga, aliniambia vijana wa vyumba vitatu vya uani wote ni wanafunzi, na Julai ijayo watafunga tena. Akaniomba nikipata mtu mwenye adabu nimwelekeze.