TAHADHARI: Nyumba za vyumba vya kukodisha zinazouzwa "pamoja na wapangaji wake", Unguja

Assalaam alaykum. Tahadhari hii ni kwa yeyote anayetafuta nyumba ya vyumba vya kukodisha pembezoni mwa mji wa Zanzibar: Fuoni, Tomondo, Kisauni, Kwarara, Mwanakwerekwe, mpaka upande wa Bububu. Khasa ni kwa ndugu zetu walioko Oman, Dubai na Uingereza, wanaonunua kwa picha za simu na maneno ya dalali.

Biashara yenyewe huja hivi. Nyumba ina vyumba sita mpaka kumi, kila mlango una mpangaji, na muuzaji anasema ukilipa leo, kodi ya mwezi ujao ni yako. Mnunuzi akishaona watu ndani, nguo kambani na daftari la kodi, moyo unatulia. Hapo ndipo anapoliwa. Mpangaji hathibitishi kwamba anayepokea kodi ndiye mwenye nyumba. Anathibitisha tu kwamba kuna mtu anapokea kodi.

Uhitaji wa vyumba ni wa kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na wengi wanakimbilia Mjini Magharibi: wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa mahoteli, jamaa kutoka Pemba na Bara. Tapeli hana haja ya kukudanganya juu ya hilo. Anakudanganya juu ya nani mwenye mali.

Mara nyengine muuzaji naye ni mpangaji tu. Amekodi nyumba nzima kwa mwenyewe aliye nje, amelipa mwaka kwa mkupuo, ameikodisha chumba kimoja kimoja, kisha anaitafutia mnunuzi. Funguo anazo, wapangaji wanamwita "mwenye nyumba", na hata wa dukani atakwambia nyumba ni yake kwa sababu hajawahi kumuona mwengine.

Lakini inayoumiza watu zaidi ni nyumba ya mirathi. Mtoto mmoja wa marehemu, mara nyingi yule anayeishi humo na kukusanya kodi, anauza nyumba nzima. Anakuonesha hati yenye jina la baba, na hati hiyo ni ya kweli kabisa. Asiye halali ni muuzaji. Mjane ana thumni yake, mabinti walioolewa mbali wana mafungu yao, na aliyefariki kabla mirathi haijagawiwa ameacha watoto wanaosimama mahala pake katika fungu lake. Yeyote kati yao anaweza kukupeleka mahakamani baada ya wewe kupaka rangi na kuezeka upya. Usikubali neno "tumeshaelewana nyumbani". Taka karatasi ya mgawo wa mirathi iliyotoka Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kisha hesabu: yakiwa majina tisa, ziwe saini tisa. Aliye Muscat asaini mwenyewe au ampe mtu uwakala wa maandishi. Kama yumo mtoto mdogo, fungu lake haliuzwi kwa neno la kaka yake. Ulizia nani msimamizi wake na kapewa ruhusa na nani.

Mjini, khasa Mji Mkongwe, angalia na wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa kheri. Nyumba ya wakfu haiuzwi, lakini aliyekaa humo miaka mingi anaweza kukutaka kilemba, pesa ya kukupisha tu uingie wewe. Dalali akiita kilemba hicho "bei", utalipa mamilioni na ubaki mpangaji wa Kamisheni ya Wakfu, ikiwa wenyewe watakukubali.

Nje ya mji tatizo huwa ardhi iliyo chini ya nyumba. Mashamba mengi yaliyogeuzwa viwanja yanatokana na zile eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ziligawiwa kwa kulima, si kwa kukatwa vipande na kuuzwa. Tena kwetu mti unaweza kuwa wa mtu mwengine na ardhi ya mwengine. Minazi mitatu iliyosimama uwani ina mwenyewe, na siku atakayokuja kuangua atakuja na madai. Uliza mwenye mti kabla ya kuuliza bei.

Sasa karatasi. Wengi wanalipa wakishaona mkataba wenye muhuri wa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Sheha anawajua watu wake na ushahidi wake una thamani kubwa: atakwambia nani aliijenga, nani anagombana na nani. Lakini muhuri wake hauhaulishi ardhi, yaani hauihamishi kwa mtu mwengine. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma chini ya sheria ya ardhi Namba 12 ya 1992. Unachonunua ni haki ya kuitumia na kilichojengwa juu yake. Haki hiyo kuhama moja kwa moja kwa mtu mwengine kunapitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, kwa sheria Namba 8 ya 1994. Muuzaji akikwambia Bodi ni ya wageni tu, au kwamba "tutapitisha baadaye", ondoka. Anajua kwamba mbele ya Bodi atatakiwa aoneshe anachouza ni cha nani.

Namba ya hati ichukue wewe, uipeleke wewe au wakili wako Kamisheni ya Ardhi. Asikupelekee dalali na kukurudishia jibu. Linganisha jina lililomo kwenye rekodi na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi cha muuzaji, majina yote matatu. Kisha beba futi ya mita 50, pima pande zote nne mbele ya majirani wa pande nne, na tafuta bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja. Ukuta wa nyumba uliotoka hata mita moja ndani ya njia au kiwanja cha jirani ni kesi unayoinunua. Uliza pia, hapo hapo Kamisheni, kama barabara iliyopangwa inapita juu ya nyumba hiyo.

Daftari la kodi lishike mkononi ulisome. Daftari la miaka miwili lina kalamu tofauti, pembe zilizokunjika, alama za vidole, mwezi uliolipwa nusu, jina lililokatwa kwa sababu mtu kahama. Likiwa na wino mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, kila mwezi umelipwa tarehe moja na hakuna aliyechelewa hata mara moja, limeandikwa kwa kikao kimoja. Tazama na milango. Kufuli nane mpya za aina moja ni wapangaji wa wiki hii, waliowekwa humo kwa ajili yako. Rudi peke yako baada ya Isha, zungumza na wapangaji wawili watatu, uwaulize wanalipa ngapi, kwa nani, tangu lini. Taka namba ya mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, na rekodi ya umeme ulionunuliwa miezi sita nyuma. Vyumba vinane vyenye feni na friji havitumii umeme wa taa moja.

Kodi iliyotiwa chumvi inaharibu hesabu kuliko watu wanavyodhani. Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vinane inayouzwa shilingi 120,000,000. Muuzaji anasema kila chumba ni 150,000 kwa mwezi: hiyo ni 14,400,000 kwa mwaka, na pesa zako zinarudi kwa miaka minane na miezi minne. Ukiuliza nyumba za jirani ukakuta chumba kama hicho ni 80,000, mwaka unaleta 7,680,000. Toa mwezi mmoja wa kila chumba kukaa kitupu, 640,000. Toa kunyonya karo la choo, bati, mabomba na rangi, sema 1,040,000. Zinabaki 6,000,000, yaani miaka ishirini, na kodi za serikali hujazitaja.

Nyumba ya aina hii ikitiwa sokoni wakati wa kaskazi, ardhi huwa kavu. Bonde linalojaa maji masika, Machi mpaka Mei, huwezi kulijua Januari. Rangi mpya iliyopakwa mpaka usawa wa goti tu, na juu yake rangi ya zamani, inaficha alama ya maji. Gusa ukuta hapo chini, ukwaruze kidogo. Chokaa ikimong'onyoka kama unga, maji yamekaa humo. Na karo linalofurika halipati mpangaji wa kudumu.

Malipo yapitie benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati. Si namba ya simu ya dalali, si akaunti ya "shemegi". Arbuni iwe ndogo, na mkataba wa wakili useme wazi kwamba inarudi yote ikiwa mali haihauliki. Fungu kubwa lisubiri idhini ya Bodi. Maneno "kuna Mwarabu kesho analeta pesa taslimu" yasikukimbize. Ni ya kila muuzaji wa aina hii. Wewe uliye nje ya nchi, usikubali kuandikisha nyumba kwa jina la dalali "kwa muda tu", hata akiwa mtu wa mtaa mmoja na mamako.

Kama umeshalipa na sasa una wasiwasi, usimpigie muuzaji kumtisha, maana atahama. Kusanya kwanza mkataba, risiti za benki, ujumbe wa simu na majina ya mashahidi. Peleka barua ya pingamizi Kamisheni ya Ardhi ili nyumba isihaulishwe kwa mwengine, toa taarifa kituo cha polisi upewe namba ya jalada, kisha nenda na wakili Mahakama ya Ardhi. Wapangaji waelezwe kwa maandishi, mbele ya sheha, kwamba nyumba ina mgogoro, wasilipe tena kodi ya miezi sita mbele kwa mtu huyo.