Mwalimu wa zamu na mwakilishi wa walimu katika bodi

Katika shule nyingi za Kisumu, mwalimu hushiriki uendeshaji wa shule kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni zamu ya wiki: mwalimu hufika kabla ya gwaride la asubuhi, hukagua vyoo na tangi la maji, huonja githeri kabla wanafunzi hawajapakuliwa, na jioni huandika katika daftari la zamu kwamba, kwa mfano, bomba la karibu na jikoni limepasuka. Kazi hii huchosha, hasa kwa mwenye vipindi vingi, lakini ndiyo inayomwonyesha shule ilivyo hasa.

Ya pili ni kiti katika Bodi ya Usimamizi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inatenga nafasi moja kwa mwakilishi anayechaguliwa na walimu wenzake, huku mkuu wa shule akiwa katibu.

Mwalimu wa zamu huliona bomba. Mwakilishi ndiye awezaye kutetea fedha za kulikarabati. Kwa maoni yangu zamu humgusa mtoto zaidi, ila mwakilishi naye anapaswa kulisoma daftari lile kabla ya kila kikao.