Taa na kishikio cha negativu: uzoefu wangu na kopo la biskuti la baba mdogo

Baba mdogo alikuwa na studio Tanga miaka ya 1970. Alipofariki tukarithi kopo la biskuti lililojaa negativu (filamu zinazosafishiwa picha) za nyeusi na nyeupe, nyingi za mraba wa sentimita 6×6, chache za filamu ndogo ya 35mm. Shangazi akanikabidhi mimi, eti ndiye mtu wa makamera. Bei ya skana ilinitisha, nikageukia nilichonacho: kamera ya Nikon D7200 na lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 40, nizipige picha negativu zenyewe zikimulikwa kwa chini. Taa na kishikio nikaagiza mtandaoni, seti moja. Jina silitaji, maana nusu yake imeniudhi.

Taa ni nzuri. Kabla yake nililaza negativu juu ya simu yenye skrini nyeupe, picha ikatoka kama imepigwa kupitia chandarua; kumbe ni nukta za skrini yenyewe. Hii mwanga wake umetulia hadi pembeni, na inakaa na chaji, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kishikio sasa. Negativu zilizokaa miaka hamsini kwenye joto na unyevu wa Pwani zimejikunja kama jani kavu la mgomba, nacho ni plastiki nyepesi inayobana kingo mbili tu. Katikati filamu inatuna: pua ya mtu inaonekana vizuri, masikio yana ukungu, hata nikibana tundu la lenzi hadi f/8. Nikachomoa kioo kwenye fremu ya ukutani nikakandamizia. Mara ya kwanza kiligusana na upande wa filamu unaong'aa, yakatokea maduara kama mafuta ya taa juu ya maji. Nikageuza, upande uliofifia ndio uguse kioo, yakaisha. Ila ukipiga hivyo picha inatoka kinyume, kushoto ikiwa kulia, na maandishi ya pembeni ya filamu pia, lazima uigeuze kwenye kompyuta. Mimi nilisahau, nikamtumia binamu yangu harusi ya wazazi wake. Akaniuliza tangu lini baba yake anatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Napiga RAW (faili ghafi la kamera), ISO 100, kwa taima ya sekunde 2. Kujua kama kamera imenyooka naweka kioo cha kujitazamia mezani: lenzi ikijiona katikati, basi. Feni nazima, inatikisa meza na kutawanya vumbi, na joto la Tanga mwezi wa pili mnalijua. Kugeuza negativu kuwa picha natumia darktable, programu ya bure ya kompyuta. Ukikata mraba wa 6×6 unabaki na pikseli 4000 kwa 4000, unachapa picha ya sentimita 33 bila wasiwasi.

Watu wananiambia skana ya ghali inafuta vumbi yenyewe. Inafuta kwa mwanga wa infraredi, na filamu hizi ni za chembe za fedha, mwanga huo haupiti. Ni pampu ya kupulizia na brashi laini tu. Zenye kuvu msizitie maji! Niliosha moja, utando ukayeyuka na sura ya mtu ikaenda nao.

Taa naipa nyota tano, kishikio moja na nusu.

Kuna picha ya shangazi akiwa msichana, iko sebuleni kwake tangu nazaliwa, uso laini kama yai. Nilipokuza negativu yake nikaona vimistari vya penseli shavuni, vidogo, vimepangana kama mshono. Baba mdogo alikuwa akijaza madoa ya chunusi kwa mkono, moja moja, kwenye filamu yenyewe, kama walivyofanya mafundi wa studio enzi hizo. Nikampelekea shangazi aone. Akavaa miwani, akaitazama weee, akasema nisifute kitu, ila nisithubutu kuituma kwenye grupu la familia.