Niliilaumu giaboksi bure: uzoefu wangu wa LSD kwenye Altezza

Gari langu ni Altezza AS200, injini ya 1G-FE, gia sita za mkono. Nakaa Goba, Dar es Salaam, na aliyewahi kupanda vilima vya huku masika anajua kwa nini nilitaka LSD, yaani difu inayozuia tairi moja kuteleza peke yake. Kwa difu ya kawaida (ile seti ya gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma), tairi moja likipata utelezi linakoroga tope peke yake, jingine limesimama linatazama.

Nilinunua Torsen, aina ya LSD, ya mtumba, iliyotolewa kwenye RS200, toleo jingine la Altezza. Laki sita na nusu. Fundi akaihamishia krauni (gia kubwa ya mviringo) ya difu yangu, akarudisha kila kitu, akamaliza jioni moja. Hapo hapo ningeshtuka, maana kazi ya difu haiendi haraka hivyo.

Siku ya tatu gari likaanza kulia. Kuanzia spidi 60, mlio mwembamba kama mbu aliyeingia ndani ya neti. Ukifika 80 huwezi kuongea na simu. Ukiachia mafuta, kimya. Kwa sikio langu ulikuwa unatokea chini ya wenzo wa gia. Fundi akalizungusha mtaa mmoja tu: "Kaka, giaboksi imechoka hiyo. LSD imeizidi nguvu." Na giaboksi ya kuniuzia alikuwa nayo tayari, pale kwenye kona ya gereji.

Nilikaribia kulipa. Kilichonizuia ni hiyo kauli ya "imeizidi nguvu". LSD haiongezi nguvu ya injini, inagawa tu ile iliyopo kati ya tairi mbili za nyuma. Mzigo unaopita kwenye giaboksi barabarani ni ule ule wa wiki iliyopita.

Usiku nikatoka na mke wangu Barabara ya Bagamoyo, tukapita Bunju ambako foleni inaisha. Redio nimezima, vioo nimepandisha. Nikashika 70, nikaanza kubadili: gia ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, spidi ile ile. Injini ikabadilika sauti kila mara, mlio haukubadilika hata kidogo. Maana yake unafuata mwendo wa magurudumu, haufuati mwendo wa injini. Halafu kuna gia ya tano. Kwenye giaboksi hii ya gia sita, ya tano ni moja kwa moja: shafti ya kutoka inazunguka sawa na ya kuingia, na meno ya shafti ya chini hayabebi mzigo. Kama ni meno ya giaboksi yanayolia, kwenye gia hiyo mlio ulitakiwa upungue sana. Haukupungua.

Zikabaki propela (shafti ndefu ya kutoka giaboksi hadi difu), beringi za magurudumu na difu. Beringi ya gurudumu huendelea kuvuma hata ukiachia mafuta, na mara nyingi hubadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia. Wangu unakata palepale mguu ukitoka. Hayo ni meno ya krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni), upande wa kuvuta. Nikamwomba mke wangu ahamie kiti cha nyuma. Hakuhitaji somo lolote: "Linalia huku kwangu, chini ya makalio." Propela na bodi ndivyo vilivyokuwa vinaniletea sauti mbele.

Nikiri jambo moja. Nikiwa nimesimama, niutro, giaboksi inagonga kidogo, na nikikanyaga krachi inanyamaza. Nikaingiwa na hofu. Ila kugonga kule ni kwa zamani, muziki ndio uliokuwa unakufunika. Ukishafunga kitu kipya unaanza kulisikiliza gari kama mgonjwa.

Fundi wa pili ni mzee anayefanya difu tu. Alifungua, akaweka ile geji yenye uso kama saa kwenye jino la krauni: mchezo (uwazi kati ya meno ya krauni na pinioni) 0.30 mm, wakati unatakiwa uwe kati ya 0.13 na 0.18. Akapaka rangi kwenye meno akazungusha. Alama ikakaa kwenye ncha pana ya jino badala ya katikati. Yule wa kwanza alirudisha washa zile zile za difu ya zamani (vile vibati vya kupangia nafasi ya krauni) bila kupima, kana kwamba ganda la difu ya zamani na la Torsen lazima yalingane, na beringi za pembeni akarudisha zilizochakaa.

Beringi mpya, sili, oili ya gia ya daraja la GL-5 na siku moja na nusu ya kujaribisha washa za unene tofauti: 280,000. Oili ya nyongeza ya LSD aliikataa. Hiyo ni ya zile LSD za sahani zinazosuguana, Torsen inafanya kazi kwa meno.

Sasa mlio umebaki kidogo sana, kwenye 85 ukigusa mafuta kwa mbali. Nilitembea karibu kilomita 500 na meno yamekaa vibaya, na chuma kikishalika hakirudi. Kilima cha nyumbani napanda. Tairi moja likining'inia kabisa hewani kwenye korongo, Torsen haina msaada mkubwa. Navuta handibreki kidogo huku nakanyaga mafuta taratibu, na lile la chini linapata nguvu.

Kifaa nakipa nyota nne, ningekinunua tena. Kazi ya yule wa kwanza, moja, kwa sababu angalau boliti za krauni alizikaza. Juzi nimepita pale. Giaboksi bado iko kwenye kona, na alikuwa anamwonyesha mtu mwenye Mark II.