Maadui Wasio na Pembe: Tathmini ya Mfululizo wa Filamu za Kutisha Westlands

Ukumbi mmoja mdogo wa sinema ulio ghorofani, Westlands, Nairobi, umekuwa ukionyesha kila Ijumaa jioni filamu za zamani za kutisha ambazo ndani yake hamna jini, pepo wala maiti inayofufuka. Adui katika kila filamu ni binadamu mwenye jina, kazi na mahali pa kulala. Tikiti ni shilingi 700, chai ikiwemo, na filamu ikiisha watazamaji hukaribishwa kubaki kwa mjadala. Uteuzi wa filamu hizo nne ni bora kuliko chochote nilichowahi kulipia katika kumbi kubwa za jiji hili; uendeshaji wa ukumbi ni jambo lingine, nami nitaufikia.

Waandalizi wameelewa kwamba adui wa namna hii hutisha pale filamu inapotukalisha karibu naye kabla hatujapata sababu ya kumchukia. Sisi tuliokulia katika vibanda vya video vya mitaani, mfasiri akipaza sauti juu ya milio ya risasi, tulizoea kumtambua adui tangu dakika ya kwanza kwa kovu la usoni na kicheko chake kirefu. Hapa msaada huo haupo.

Filamu ya kwanza ilikuwa Psycho ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1960. Wengi huijua kwa tukio la bafuni, ambalo mauaji yake hayafiki hata dakika moja kwenye skrini ingawa kulipiga kulichukua siku 7. Mimi naona uzito wa filamu hiyo uko katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya hoteli, dakika chache kabla ya bafuni, ambapo Norman Bates, anayeigizwa na Anthony Perkins, anamkaribisha chakula Marion Crane, karani aliyetoroka na dola 40,000 zisizo zake. Kijana huyo ana adabu, ana kigugumizi kidogo, na anazungumza juu ya ndege waliokaushwa waliotundikwa ukutani kama mtu yeyote anayeona haya mbele ya mgeni. Marion anapopendekeza kwa upole kwamba pengine mama wa kijana huyo angepelekwa mahali pa kutunziwa wagonjwa, Norman anainama mbele, tabasamu linatoweka, na sauti inashuka badala ya kupanda. Hajafanya lolote bado, lakini mtazamaji anatamani Marion ainuke aende zake.

Baadaye Norman analisukuma gari lenye maiti ndani ya kinamasi. Gari linazama, kisha linakwama nusu, paa likiwa bado juu ya maji, naye anasimama akitafuna huku akigeuza shingo kutazama kama kuna mtu. "Zama basi, wewe!" alisema bwana mmoja wa safu za nyuma, ukumbi ukaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika ghafla, kila mmoja akitambua alikuwa akimwombea nani. Filamu ya zaidi ya miaka 60 bado inawanasa watu wa Nairobi, tena kwa hila ileile ambayo Hitchcock aliitega.

Kasoro yake ni daktari wa akili anayetokea mwishoni kueleza kila kitu, hotuba ambayo wahakiki wengi wameilalamikia, nami naungana nao. Hotuba hiyo pia iliharibu mjadala. Muda mrefu ulitumika kubishana kama Norman ni wa kupelekwa Mathari, hospitali ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910 lakini ambayo jina lake bado hutumiwa mtaani kama tusi. Mwanasaikolojia aliyealikwa alilazimika kueleza kwamba watu wanaoishi na maradhi makali ya akili wana uwezekano mkubwa zaidi wa kutendewa ukatili kuliko kuwatendea wengine. Alisema vizuri, lakini hapakuwa na haja ya kumsubiri yeye: kikaratasi cha ratiba, ambacho kila mtu hupewa mlangoni, kinawaita maadui wote wanne "vichaa hatari", na waandalizi wanapaswa kukiandika upya. Filamu zenyewe zina uangalifu kuliko kikaratasi hicho.

Uangalifu huo unaonekana zaidi katika M ya Fritz Lang, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1931, ambayo kwangu ndiyo kilele cha mfululizo. Hans Beckert, muuaji wa watoto, anatambuliwa kwa mluzi wake, na anayemtambua ni mzee kipofu anayeuza baluni. Polisi wanapochelewa, wahalifu wa mji wanamsaka wenyewe, kwa kuwa misako ya usiku inawaharibia biashara, na wanamfikisha mbele ya mahakama yao ndani ya jengo lililoachwa. Hapo Peter Lorre, anayemwigiza Beckert, macho yamemtoka, anapiga kelele kwamba yeye hatendi kwa hiari, kwamba kuna kitu kinachomfuata mitaani nacho ni yeye mwenyewe. Mtetezi aliyepangiwa anasema mtu wa aina hiyo ni wa kukabidhiwa daktari, si mnyongaji, na umati unamzomea. Nairobi, ambako kelele moja ya "mwizi!" inaweza kumgharimu mtu maisha yake kabla ya yeyote kuuliza ameiba nini, tukio hilo halihitaji ufafanuzi. Watu walitazama kimya, na katika mjadala mama mmoja alisema kwamba alikuwa upande wa umati hadi alipoona sura za waliokuwa wakipiga kelele, ambao nao walikuwa wezi na wauaji.

Ni M hiyohiyo iliyofichua udhaifu wa ukumbi. Filamu ni ya Kijerumani, tafsiri ya Kiingereza inaandikwa chini ya skrini, na sakafu ya ukumbi ni tambarare. Aliyeketi nyuma ya safu ya pili alisoma vichwa vya watu. Spika ya upande wa kushoto ilikoroma kila sauti ilipopanda, jambo lililosumbua pia wakati wa Psycho, ambayo muziki wake Bernard Herrmann aliuandika kwa vyombo vya nyuzi pekee. Nilipowaeleza wahudumu, walinijibu kwa heshima na hawakubadilisha kitu.

Peeping Tom ya Michael Powell, ya Uingereza, ilitoka mwaka uleule wa Psycho, na ilishambuliwa vibaya mno na wahakiki wa wakati huo hata ikamharibia Powell kazi nchini mwake. Mark, mpole na mwenye haya, anawaua wanawake huku akipiga picha hofu yao, kwa kuwa baba yake mwanasayansi alimlea kama kitu cha majaribio, akimtisha usiku na kumrekodi. Powell aliigiza baba huyo mwenyewe, na mtoto wake wa kuzaa akaigiza Mark utotoni, uamuzi ambao hadi leo unanikosesha raha. Mark alipoinua kamera, kijana wa safu ya mbele yangu naye aliinua simu kurekodi skrini. Sina hakika kama alielewa kilichomfanya jirani yake acheke.

Misery ya mwaka 1990, iliyompa Kathy Bates tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake wa Annie Wilkes, muuguzi anayemfungia mwandishi nyumbani kwake, ilijaza ukumbi kuliko zote na ilipigiwa makofi. Ni burudani safi, na nyundo anayomvunjia mwandishi huyo miguu ilifanya kazi yake, ila baada ya Lorre ilionekana nyepesi.

Mjadala huisha karibu saa tano usiku, saa ambayo anayerudi Rongai au Githurai anahesabu nauli upya, hivyo nusu ya watu huondoka kabla ya mazungumzo kunoga. Kuanza saa kumi na mbili badala ya saa moja na nusu kungetosha kuwabakiza. Mfululizo unatarajiwa kurudiwa, na kama fedha ni za tikiti moja tu, nunua ya M, ufike mapema, uketi safu ya kwanza upande wa kulia, mbali na spika ile.