Telegram kwa makundi ya mafundi wa sola Uganda: inapunguza ugomvi kuliko WhatsApp?

Makundi mengi ya mafundi wa sola hapa Uganda yamezaliwa WhatsApp, na mengi yamefia huko huko. Anayeijua kazi huchoka kujibu swali lile lile kila wiki, anayejifunza hutukanwa akanyamaza, mwishowe linabaki kundi la matangazo ya paneli na salamu za asubuhi. Tathmini hii inaiangalia Telegram kwa jambo moja tu: je, inawasaidia mafundi kubishana bila kuvunjiana heshima? Kwa kundi la watu hamsini na zaidi, lenye wasimamizi wawili watatu wanaowajibika, inasaidia, tena sana.

Chukua ugomvi wa kawaida kabisa. Fundi wa Mbale anaandika kuhusu inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendeshea vyombo vya nyumbani: "Wakubwa, inverta inazima nikiwasha pasi. Nifanyeje?" Wa kwanza anajibu: "Betri imekufa, nunua nyingine." Wa pili anadakia: "Waya wako mwembamba, nani alikufundisha kazi?" Kufika ujumbe wa kumi inverta imesahaulika, watu wanaulizana vyeti.

Na huenda wote wawili wako sahihi. Pasi ya wati 1,000 kwenye mfumo wa volti 12 huvuta takriban ampea 90, ukijumlisha umeme unaopotea ndani ya inverta. Waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.007, kwa hiyo volti 0.6 zinapotelea njiani. Betri iliyochoka ikishuka hadi volti 11 chini ya mzigo, inverta inaona 10.4 tu, na inverta nyingi za volti 12 hujizima karibu na 10.5. Ubishi huu unaisha kwa kupima mara mbili: pasi ikiwa imewashwa, weka mita kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye skrubu za inverta. Tofauti ikizidi nusu volti, shughulikia waya na viungo kwanza. Betri yenyewe ikishuka mno, tatizo ni betri.

Kilichokosekana pale ni vipimo, na nafasi ya mtu kwenda kuvichukua kabla hajarukiwa. Hapo ndipo Telegram inapoipita WhatsApp.

Chombo chenye faida kubwa kuliko vyote ni kile cha kupunguza mwendo. Msimamizi anafungua kundi, anagusa jina la kundi juu, kisha alama ya kalamu, anaingia kwenye ruhusa za wanachama na kuchagua muda ambao kila mtu atasubiri kabla ya kutuma ujumbe mwingine, kwa mfano sekunde 10 au 30, dakika 1, 5 au 15, au saa 1. Sekunde 30 zinatosha kwa siku za kawaida. Maneno yakianza kuchemka, panda hadi dakika 5. Usiweke saa nzima, kwa sababu aliyeuliza atashindwa kurudisha vipimo alivyoombwa, na watu watahamia inboksi, ambako matusi hayana shahidi. Kumbuka pia kwamba wasimamizi hawabanwi na muda huo. Msimamizi anayebishana mfululizo huku wengine wamefungwa midomo anaonea watu, hata kama hoja yake ni ya kweli.

Kwenye ruhusa hizo hizo unaweza kuzima ujumbe wa sauti peke yake na kuacha picha na maandishi. Ifanye wakati wa mzozo. Sauti ya mtu aliyekasirika huwasha moto kuliko maandishi yake, na baada ya mwezi hakuna anayeweza kutafuta ndani yake jibu la ukubwa wa fyuzi.

WhatsApp haina breki ya namna hii. Msimamizi wake anaweza kuruhusu wasimamizi peke yao waandike, kufuta ujumbe wa mtu au kumtoa. Baina ya onyo na kufukuza hakuna hatua ya kati, ndiyo maana mafundi wazuri wanapotea kwa hasira ya jioni moja. Telegram humzuia mtu mmoja kuandika kwa siku, wiki au mwezi huku akiendelea kusoma. Siku moja inatosha kwa aliyeponyokwa na neno.

Ushahidi nao ni jambo kubwa. Mtu anatukana, watu wanasoma, anafuta, halafu anakana. WhatsApp inabaki alama tu kwamba ujumbe umefutwa, na kesi inaendeshwa kwa picha za skrini ambazo yeyote anaweza kuzichakachua. Wasimamizi wa Telegram wana kumbukumbu ya matendo ya saa 48 zilizopita, yenye maneno yaliyofutwa na yale ya awali ya ujumbe uliohaririwa. Ifungue siku hiyo hiyo. Keshokutwa itakuwa imekwisha.

Mwanachama ana saa hizo hizo 48 za kurekebisha ujumbe wake, wakati WhatsApp inampa dakika 15. Kwa kazi ya umeme hilo lina uzito. Jibu linalosema fyuzi ya ampea 300 badala ya 100 likibaki lilivyo, kuna mtu atalifuata na nyumba itaungua. Aliyesahihisha aongeze mstari unaosema alichobadilisha, la sivyo waliomjibu wataonekana wendawazimu.

Mada nazo zinasaidia: unagawa kundi kuwa na vyumba vya betri, inverta, pampu za maji, na bei na wauzaji. Ugomvi mwingi ulioitwa wa kitaalamu kumbe ni wa kibiashara, muuzaji wa betri za jeli akimshambulia muuzaji wa lithiamu. Wapeleke chumba cha bei. Msimamizi anaweza kufunga mada moja iliyochafuka na zingine zikaendelea.

Kisha kuna namba ya simu. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaiona, na hapa kwetu namba ni jina kamili: mtu akianza kukutumia hela kwa mobile money, jina la mwenye laini linajitokeza. Ubishi wa inverta unageuka simu za usiku, na mafundi wa kike ndio wanaoumia zaidi. Telegram, ingia kwenye mipangilio ya faragha, fungua sehemu ya namba ya simu, chagua asiione mtu yeyote, na anayeweza kukupata kwa namba awe uliyemhifadhi tu. Mwombe kila mgeni afanye hivyo siku ya kwanza.

Ila ina kasoro za kweli. Ujumbe wa makundi ya Telegram haufichwi kutoka simu hadi simu kama ule wa WhatsApp, kwa hiyo usiweke humo jina, namba wala picha ya nyumba ya mteja bila idhini yake. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inamlinda mteja huyo. Matapeli nao wako wengi: wanachukua picha na jina la msimamizi, wanaingia inboksi kwa fundi mgeni na kumwambia alipie inverta ya bei nafuu. Bandika tangazo kwamba msimamizi haombi hela inboksi kamwe. Upakuaji wa video unaojianzisha wenyewe unakula bando, uzime. Na msimamizi anaweza kuandika kwa jina la kundi bila kujitaja. Ninaipinga tabia hiyo kwa kundi la mafundi: anayemfungia mwenzake aonekane, hasa ikiwa naye anauza betri.

Lugha haitatuliwi na programu yoyote. Fundi wa Arua au Busia akiuliza kwa Kiswahili akajibiwa kwa Luganda tupu, amefungiwa mlango. Jibu kwa lugha aliyouliza, au omba mwenzako atafsiri.

Ukihamia, bandika juu kabisa mwongozo wa kuuliza: aina na ukubwa wa betri, volti ikiwa na mzigo na bila mzigo, unene na urefu wa waya, msimbo unaoonyeshwa na inverta, na picha moja ya viungo. Anayejibu naye aseme anajibu kwa kipimo au kwa kukisia. Asiyetoa vipimo aombwe kwa upole mara moja, asichekwe; wengi hawana mita yao, wanaazima.

Alama yangu ni 4 kati ya 5. Moja imekatwa kwa ajili ya matapeli na usiri. Iacheni WhatsApp ibebe matangazo ya mikutano na kazi, maana wateja na mafundi wakongwe wako huko. Kundi la watu kumi na watano wa karakana moja halihitaji kuhama: wakikwaruzana, wapigiane simu.