Mashine ziko poa, ila ukisaini na meneja wao soma hii kwanza

Nyota 3 kati ya 5. Hizo mbili nimewakata ofisi, fundi hana kosa.

Nimekodi kwao mashine mbili za fotokopi, mkataba wa mwaka mzima pamoja na matengenezo. Fundi ukimpigia anafika siku hiyohiyo, anafungua rola, anapuliza vumbi, kifaa kikiwa kimeisha anakuonyesha kwanza ndo anabadilisha, huyo jamaa sina neno naye. Shida imekuja mwezi wa nne. Siku ya kusaini meneja wa tawi aliandika kwa kalamu pembeni ya mkataba kwamba wino ni juu yao mwaka mzima, akasaini hapohapo, akagonga muhuri. Miezi mitatu wino unakuja vizuri tu, wa nne naletewa ankara ya wino! Kuuliza naambiwa eti meneja hakuwa na mamlaka ya kutoa hiyo ofa, halafu ameshaacha kazi.

Sasa jamani mimi mamlaka yake nitayajulia wapi? Nimemkuta ofisini kwao, mlangoni pameandikwa meneja, karatasi yao, muhuri wao. Kama huko ndani walimwekea mipaka hiyo ni siri yao, mteja haimhusu.

Nikaanza kusoma, maana niliumia. Kwenye sheria ya Uingereza, na nchi nyingi zilizoirithi, kampuni ikimweka mtu mbele ya watu kama meneja basi mambo ya kawaida ya cheo hicho yanaifunga, hata kama kwa ndani alikatazwa, ilimradi wewe hukujua. Kuna kesi ya 1971, Panorama Developments, katibu wa kampuni kakodi magari kwa jina la kampuni kumbe anatembelea mwenyewe, kampuni ikaruka, mahakama ikasema lipeni. Na ile ya zamani ya Turquand, 1856, mtu wa nje halazimiki kwenda kuchungulia kama vikao vyao vya ndani vilikaa kweli.

Ila nisijipendelee. Meneja kujisemea tu "hapa mwenye kauli ni mimi" haitoshi, lazima kampuni yenyewe ndo iwe imemwonyesha hivyo. Na angeniuzia jengo la ofisi pale mezani ningetakiwa nishtuke, meneja wa tawi hauzi majengo. Lakini wino?? Kwa biashara ya fotokopi wino ndo kazi yake ya kila siku.

Kilichowamaliza ni karatasi za kupokelea mzigo. Zote tatu zimetoka makao makuu, sio tawini, zimeandikwa kabisa "wino, malipo: hakuna", kila moja na saini ya mtu wa stoo. Yaani wameleta wenyewe miezi mitatu, huko si ndo kuridhia? Nikazipiga picha nikatuma, siku mbili baadae ankara ikafutwa, samahani hakuna.

Wiki iliyopita wameniletea fomu mpya, eti kuanzia sasa anasaini mkurugenzi peke yake. Nimewaambia sawa, ila wanipe na azimio la bodi linalomtaja huyo mkurugenzi, mpaka leo kimya. Fundi lakini jana alikuja.